Kompyuta za Watoto Wetu: Twataka Sheria, Hatutaki Ahadi Tena

Ndugu Wafanyakazi,

Mwaka 2013 Serikali ya nchi hii ilishika ahadi mbili kubwa mkononi. Ya kwanza ilikuwa reli mpya kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Ya pili ilikuwa kompyuta kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza katika shule za Serikali. Serikali ilikuwa ile ile na wananchi walioahidiwa ni wale wale. Basi na tuulizane: kwa nini ahadi moja ilifika stesheni, na ya pili ikaanguka nje ya njia?

Wako watakaosema ni kwa sababu reli ni kitu kikubwa na kompyuta ni kitu kidogo. Si kweli. Jibu ni hili: reli ilitungiwa sheria ya pesa, na kompyuta hazikutungiwa sheria yo yote.

Mwaka ule ule wa 2013 Bunge lilipitisha Ada ya Maendeleo ya Reli, yaani asilimia 1.5 ya thamani ya mali inayoingia kutoka ng'ambo. Pesa hizo zikapewa mfuko wao na kazi yao, nayo ni reli. Waziri hakuweza kuamka asubuhi akasema kwamba mwaka huu hapana pesa ya reli. Mkopo mkubwa ulitoka Benki ya Exim ya China, na ada ilikuwa pale imesimama kama mlinzi. Tarehe 31 Mei 2017 treni ya abiria ikafunguliwa Mombasa. Kama reli ile ilikuwa ghali mno au siyo, hayo ni maneno ya siku nyingine, na sisi wenye kulipa deni lake tutayasema. Lakini ilijengwa, maana sheria iliishika.

Sasa tazameni kompyuta. Hizo ziliwekwa katika makadirio ya mwaka tu, na makadirio ya mwaka ni kama chakula cha kibarua: leo kipo, kesho hakipo. Watoto zaidi ya milioni moja walikuwa wapewe mashine zao kuanzia Januari 2014. Zabuni ya kwanza ikazua ugomvi, na mwaka 2014 ikafutwa. Mwaka 2016 kazi ikaanza upya, ikagawiwa makundi mawili, moja pamoja na Chuo Kikuu cha Moi na la pili pamoja na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Sasa haikuwa kompyuta tena, ilikuwa tableti. Zikapelekwa zaidi ya milioni moja katika shule zaidi ya 20,000. Halafu mwaka 2019 Wizara ikasema mpango unageuzwa, na sasa kila shule itajengewa chumba cha kompyuta. Katika miaka sita mambo yaligeuzwa mara mbili: kwanza kompyuta, halafu tableti, halafu chumba. Kila Waziri alikuja na lake, na kila alipoondoka aliondoka nalo.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Januari 2014 sasa ni kijana mkubwa. Ahadi ilikuwa yake. Nani atamrudishia miaka yake?

INJINI BILA KARAKANA

Sisi watu wa reli twajua jambo moja ambalo wakubwa wa maofisini hawapendi kulisikia. Kununua injini si kazi ngumu, maana mwenye pesa anaweza kununua injini kwa siku moja. Kazi ni kuitunza. Injini yataka karakana, yataka fundi na vipuri na mafuta, yataka njia iliyokazwa bolti zake na mataruma yasiyooza. Mtu akinunua injini bila mambo hayo, amenunua chuma cha kukalia kuku.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa zile tableti. Tuseme haki: umeme ulipelekwa katika shule nyingi sana za msingi kwa ajili ya mpango ule, na hilo ni jambo jema tulilolipata. Lakini mashine ilipoharibika nani aitengeneze? Betri ilipokufa pesa ya betri itoke wapi? Mwalimu alifundishwa siku chache, kisha akahamishwa shule nyingine, na aliyekuja nyuma yake hakufundishwa kitu. Mwalimu mkuu aliogopa zisije zikaibiwa akaulizwa yeye, basi akazifungia kabatini na kuweka kufuli mbili. Katika shule nyingi ziko kabatini mpaka leo.

Wako wanaomlaumu mwalimu mkuu. Mimi simlaumu. Fungu ambalo Serikali imeweka kwa mtoto mmoja wa shule ya msingi ni Shilingi 1,420 kwa mwaka mzima. Gawanyeni kwa siku za mwaka: haifiki Shilingi 4 kwa siku. Katika hizo anunue vitabu, chaki, karatasi za mitihani, alipe umeme na maji. Je, Bwana Mkubwa unayemlaumu, atoe wapi pesa ya kutengeneza kompyuta? Ulimpa ng'ombe ukamnyima majani, sasa wauliza maziwa yako wapi.

WANAOTUAMBIA TUNGOJE

Kuna maneno matatu ambayo hutumiwa kutunyamazisha, nami nataka kuyajibu moja moja.

Neno la kwanza: "Watoto hawana madawati wala vyoo wala walimu wa kutosha. Kompyuta ni anasa." Neno hili lina ukweli ndani yake, na mtu mwaminifu hawezi kulitupa. Shule isiyo na mwalimu haiokolewi na mashine. Lakini angalieni ni nani anayelisema. Mara nyingi ni mtu ambaye watoto wake wako katika shule ya kulipia, na huko wana kompyuta tangu chekechea. Kwa mtoto wake ni elimu, kwa mtoto wako ni anasa. Tena yeye huyo hajatuletea madawati wala walimu. Akitaka kutuambia tuchague kati ya dawati na kompyuta, kwanza atuletee dawati.

Na tuangalie mambo yalivyo sasa. Kijana akitaka cheti cha tabia njema kutoka polisi, ni kompyuta. Akitaka namba ya kodi, ni kompyuta. Akitaka kuchagua chuo au kuomba mkopo wa masomo, ni kompyuta. Tikiti ya treni ya Mombasa hununuliwa kwa simu. Serikali yenyewe imehamia ndani ya kompyuta na kufunga mlango, kisha yasema ufunguo ni anasa.

Hamjasahau mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipokuja, shule zilifungwa katikati ya Machi, na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Watoto wa wenye mali waliendelea kusoma kwa mashine nyumbani. Watoto wetu waliambiwa wasikilize redio na kutazama televisheni, na nyumba isiyo na hivyo ilikaa kimya. Miezi ile wengine walikwenda mbele na wengine walikaa chini, halafu wote wakafanya mtihani mmoja. Hiyo ndiyo haki?

Neno la pili: "Hapana haja ya sheria. Bajeti yatosha." Nimekwisha kulijibu kwa historia ya tangu 2013, lakini niongeze jambo. Bajeti husomwa kila Juni, na kila Juni ni vita vipya. Aliye na sheria huingia vita hivyo na ngao, na asiye na sheria huingia na kofia mkononi. Barabara zina ada ya mafuta kwa sheria ya mwaka 1993, na tangu hapo marais wamekuja wakaenda, na ada ya barabara ipo. Reli ina ada yake. Nyumba zina ada yake kwa sheria ya mwaka 2024. Shule peke yake ndiyo iambiwe ingojee huruma?

Neno la tatu: "Pesa hakuna." Hili ni neno la zamani sana. Mfanyakazi hulisikia kila anapoomba nyongeza ya mshahara. Siku zote pesa hakuna, mpaka siku mkubwa anapotaka motokaa mpya.

PESA ITOKE WAPI?

Hapa nataka tusikilizane sana, maana ndipo tunaweza kunaswa.

Tukisema tu "Twataka mfuko wa kompyuta," wako watakaofurahi na kusema, "Vema, tutawakata wafanyakazi asilimia fulani." Ndugu zangu, tazameni karatasi zenu za mshahara. Kuna kodi, kuna NSSF, kuna asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024, na kuna asilimia 1.5 ya nyumba. Mishahara yetu imekuwa kama muwa uliokwisha pita kinywani mwa watu wanne. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi hii walitoka barabarani kupinga mswada wa fedha, na wengine hawakurudi nyumbani. Mswada ukaondolewa. Mtu akileta sheria ya kompyuta yenye makato mapya ya mshahara, chama chetu kiwe cha kwanza kuikataa.

Pesa nyingine ipo. Sheria ya mawasiliano ya Kenya, iliyorekebishwa mwaka 2009, iliweka Mfuko wa Huduma kwa Wote. Makampuni ya simu na mawasiliano hulipa humo sehemu ya mapato yao, isiyozidi asilimia 1. Kazi ya mfuko huo ni kufikisha mawasiliano mahali ambapo kampuni haioni faida kwenda. Nao uliwahi kuunganisha shule za sekondari 884 na intaneti katika kaunti zote 47. Kwa hiyo jambo hili lawezekana, na limekwisha fanyika. Kilichokosekana ni sheria ya kusema kwamba kila mwaka fungu fulani la mfuko huu ni la shule za Serikali, pamoja na za msingi, wala halitatumiwa kwa jambo jingine.

Mtu atasema kampuni zitapandisha bei ya simu. Nami namjibu: pesa hii inalipwa tayari. Hatuombi ada mpya, twaomba ada ya zamani ifanye kazi mbele ya macho yetu. Fungu la pili litoke katika kapu kuu la Serikali, liandikwe ndani ya sheria, maana Katiba katika Kifungu cha 206 yaruhusu Bunge kuweka mfuko wa kazi maalum.

WENGINE WAMEFANYAJE?

Nchi ya Uruguay, iliyo ndogo kuliko Kenya kwa watu na kwa ardhi, ilianza mwaka 2007 kumpa kila mtoto wa shule ya msingi ya Serikali kompyuta yake. Ilipofika mwisho wa 2009 walikuwa wamemaliza. Hawakuishia hapo. Januari 2010 ilitoka sheria yao ya kukipa kituo cha mpango huo, kinachoitwa Ceibal, msingi wa kudumu. Kina mafundi wake na mafunzo ya walimu, na chapeleka intaneti shuleni. Vyama tofauti vimetawala huko baadaye, na mpango bado upo.

Peru nayo ilinunua kompyuta za watoto kupita laki nane. Wataalamu wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika wakachunguza shule 319, na mwaka 2012 wakatoa taarifa kwamba hawakuona watoto wamezidi katika hesabu wala katika kusoma. Wapinzani wetu hupenda kutaja Peru. Nasi tuitaje, maana yatufundisha kwamba mashine peke yake si mwalimu. Kompyuta bila mwalimu aliyefundishwa ni sanduku.

Marekani mwaka 1996 waliandika katika sheria yao ya mawasiliano kwamba makampuni ya simu yachangie, ili shule na maktaba zipunguziwe gharama ya kuunganishwa. Shule hupunguziwa asilimia 20 mpaka 90, na zile za watu maskini ndizo hupunguziwa zaidi. Mwaka 2025 watu waliupeleka mfuko huo mbele ya Mahakama Kuu kabisa ya nchi yao ili uangushwe, na majaji sita kwa watatu wakausimamisha. Hiyo ndiyo faida ya sheria. Ahadi ya jukwaani hapana jaji awezaye kuilinda.

MAMBO TUNAYOTAKA YAANDIKWE

Sheria hutungwa na watu, na anayekaa mezani siku ya kutunga ndiye anayekula. Asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo nawawekea mbele yenu mambo saba. Yajadilini katika matawi, ongezeni na punguzeni.

1. Mfuko uwekwe kwa Sheria ya Bunge, si kwa tangazo la Waziri, na fungu lake litajwe kwa asilimia. Wala kusiwe na makato ya mshahara.

2. Katika kila shilingi ya kununua mashine, sheria itaje sehemu ya kuzitunza: vipuri, betri, umeme, kufuli na bima. Shule isipewe mashine kabla ya kupewa pesa ya kuzitunza.

3. Mwalimu afundishwe kwanza, tena afundishwe wakati wa kazi, si katika likizo yake bila malipo. Ndugu zetu wa KNUT na KUPPET wakae katika kamati ya kuandika sehemu hii.

4. Kila kata iwe na fundi wa kompyuta wa kuajiriwa, mwenye mshahara wa mwezi na pensheni. Vyuo vya ufundi vina vijana wengi waliosomea kazi hii na hawana kazi. Tusikubali waitwe vibarua wa miezi mitatu mitatu.

5. Ununuzi uwe wazi, kama Katiba isemavyo katika Kifungu cha 227. Bei ya mashine moja, jina la aliyeuza na hesabu ya mashine zilizoletwa zibandikwe katika ukuta wa shule, kwa Kiswahili, kila mzazi azisome. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aangalie mfuko kila mwaka.

6. Waanze wa nyuma. Turkana, Mandera, Tana River, na shule za mitaa ya wafanyakazi maskini mijini, zipewe kabla ya shule zilizo karibu na maofisi. Na watoto vipofu na viziwi wapewe mashine zinazowafaa wao, si zile zilizobaki.

7. Mzazi asitozwe "pesa ya kompyuta" mlangoni pa shule. Kifungu cha 53 cha Katiba chasema elimu ya msingi ni bure na ya lazima. Bure ni bure.

HILI NI JAMBO LA CHAMA?

Nimesikia wenzetu wengine wakisema, "Chama ni cha mishahara, mambo ya shule tuwaachie walimu." Nawaheshimu, lakini hawaoni mbali. Tulipigania mshahara kwa nini? Mtu hapigi nyundo juani miaka thelathini ili ale ugali tu. Hupiga ili mtoto wake asipige nyundo ile ile. Nusu ya mshahara wetu huenda shuleni. Ikiwa shule zinamfundisha mtoto kazi ambazo hazipo tena, basi nusu ya mshahara wetu inaibiwa, na wizi wa mshahara ni jambo la chama.

Tena angalieni kazi zetu wenyewe. Kazi ya karani wa tikiti imepungua kwa sababu ya simu. Ishara zilizovutwa kwa mkono sasa huendeshwa na mashine. Karakana za leo zinataka mtu anayejua kusoma kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kushika spana. Mimi nilisoma shule ya msingi ya misheni tu, tukiandika kwa kalamu ya risasi mpaka ikawa fupi kama kisigino cha sigara. Elimu ile ilitosha kuniingiza kazini. Haitatosha kumwingiza mwanangu. Kazi nzuri zitakuwapo, lakini watazipata watoto wa wengine, na wetu watabaki kufagia jukwaa la stesheni.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila tawi lijadili mambo haya saba katika mkutano wake ujao na kuleta azimio kwa Katibu.

Pili, tupeleke maombi Bungeni. Kifungu cha 119 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lililo katika mamlaka yake, pamoja na kutunga sheria. Huhitaji kuwa wakili. Wahitaji karatasi, hoja na sahihi, na sahihi za wafanyakazi ni nyingi.

Tatu, kila mmoja amwendee Mbunge wake. Asimuulize, "Unapenda kompyuta?" maana atasema anapenda. Amuulize, "Utaleta mswada lini?" Naye akijibu kwamba mswada wa pesa una mashariti, mwambieni mwayajua: Kifungu cha 114 chataka kamati ya Bunge ipendekeze baada ya kusikia maoni ya Waziri wa Fedha. Basi aipeleke kwa kamati. Mlango upo, na yeye ndiye aliyepewa funguo.

Nne, mswada ukiletwa, twende tukaseme. Kifungu cha 118 chalazimisha Bunge kusikiliza wananchi. Siku hiyo tusiwaachie wauzaji wa kompyuta peke yao waseme, maana wao hawatataja fundi wala vipuri. Muuza injini hana haja na karakana. Ikiharibika atakuuzia nyingine.

Ndugu Wafanyakazi, serikali iliyochaguliwa mwaka 2022 ilituahidi kilomita 100,000 za nyaya za faiba nchini. Ni ahadi nzuri kama ile ya 2013 ilivyokuwa nzuri. Lakini ahadi ni deni, na deni lisiloandikwa mdaiwa hulisahau. Tusidanganywe kwa maneno matamu ya kura. Waandike, wapige muhuri, watie pesa, ndipo tutapiga makofi.

UMOJA NI NGUVU.

Ni mimi mwenzenu,
Fundi wa Reli, Nairobi